Wakili akihama kompyuta, mchoro wa warithi usibaki nyuma

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya kawaida ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi, na aliyetaka kuongezewa muda ilimbidi ajisajili, tena kwa muda mfupi tu. Kwa muuza duka anayechapa risiti, pengine hilo si la kumkosesha usingizi. Kwa ofisi ya wakili, yenye hati za mashamba, vyeti vya ndoa na vya vifo, pamoja na hesabu za fedha za watu, ni jambo zito.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kila mashine. Inataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Kompyuta nyingi za ex-UK zinazouzwa katika maduka yetu, kuanzia Digo Road hadi Oginga Odinga Street kule Kisumu, ni za kabla ya hapo. Ndipo swali linapoingia ofisini: tununue mpya za Windows, tuhamie Mac za Apple, au tuweke Linux juu ya mashine zizi hizi tulizo nazo?

Msomaji wa Mvita au Lamu atauliza, hayo ya ofisi za mawakili yananihusu nini mimi? Yanakuhusu, kwa sababu ndani ya kompyuta ile mna mambo yako. Na kama una jamaa waliotawanyika, yanakuhusu zaidi. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence, watu wa Pwani wamefika ziwani, wakaoa, wakajenga na wakazikwa huko. Ndiyo maana zipo mirathi ambazo mguu mmoja uko Mombasa na mwingine uko Kisumu, Kendu Bay au Port Victoria ya Budalang'i. Kisumu kuna Mahakama ya Kadhi, na wakili aliye kule huenda ndiye anayeshika karatasi za familia iliyoko huku.

Mchoro ni nusu ya kesi

Wakili hachori kwa urembo. Huchora kampuni na wenye hisa zake, huchora mtiririko wa fedha, huchora kiwanja kilivyopita mkono hadi mkono. Katika mirathi huchora mti wa ukoo: nani alizaliwa na nani, nani alikufa kwanza, nani alikuwa hai siku ile. Hapo ndipo programu ya michoro inapogusa haki ya mtu, na mfano mmoja utaonyesha.

Chukua mtu aliyefariki akaacha mke, mama yake mzazi, wana wawili wa kiume na binti mmoja, wote wa mke huyo. Madeni na wasia yamekwisha kutolewa, imebaki nyumba ya shilingi milioni 12. Kwa faraidhi mke ana thumuni, mama ana sudusi, na kilichobaki ni cha watoto, mwana wa kiume akichukua fungu mbili kwa moja ya binti. Ukiigawa mali mafungu 120, mke ana 15, mama ana 20, kila mwana wa kiume ana 34 na binti ana 17. Kila fungu ni shilingi 100,000.

Sasa mali haijagawanywa, miaka imepita kama kawaida yetu, na mmoja wa wale wana wa kiume anafariki naye. Ameacha mke na binti mdogo. Haya ndiyo mambo ya munasakha. Zile shilingi milioni 3.4 za yule kijana zinaingia kugawanywa upya: mkewe thumuni, binti yake nusu, mama yake sudusi, na kilichobaki ni cha kaka na dada yake. Bibi mzaa baba hapati katika mgao huu kwa kuwa mama yupo. Yule yatima peke yake ana milioni 1.7. Mjane wa kwanza, kwa upande wake, anaonekana mara mbili katika mchoro, juu kama mke na chini kama mama.

Fikiria mchoro huo ulichorwa kwa programu ya Windows, kisha ukafunguliwa katika mashine nyingine yenye programu nyingine. Herufi zimebadilika ukubwa, visanduku vimesogea, na mstari mmoja uliomuunganisha mtoto na babake umekatika au kisanduku chake kimefichwa nyuma ya kingine. Kosa la namna hii linajulikana kwa yeyote aliyewahi kuhamisha michoro. Bila yule binti, hesabu yote inageuka: mjane wa kijana anapanda kutoka thumuni hadi robo, na kaka na dada wa marehemu wanachukua kilichobaki, ambacho sasa ni zaidi ya nusu. Hakuna aliyeiba. Ni mstari tu haukuonekana.

Kadhi hategemei mchoro peke yake, ana vyeti na ana mashahidi. Lakini mchoro ndio unaowaonyesha wote chumbani pa kutazama. Jina lisilokuwa kwenye mchoro, ni nani atakayeuliza cheti chake, hasa likiwa jina la mtoto wa miaka minne?

Programu za kuchorea: zipi zinahama, zipi hazihami

Visio ndiyo iliyozoeleka katika ofisi za Windows. Ni ya Microsoft, iliyoinunua mwaka 2000 kutoka kwa walioianzisha. Ni programu nzuri, ila haina toleo la kuweka ndani ya Mac. Lipo toleo la kufungua kwa kivinjari, jepesi zaidi, lisilokuwa na mambo yote ya lile kubwa. Anayehamia Mac akidhani ataikuta Visio yake kule anakwenda kupigwa na butwaa.

Upande wa Mac kuna OmniGraffle. Hii nayo ni ya vifaa vya Apple tu. Toleo lake la Pro linasoma na kuandika faili za Visio, na wanaolitumia hulisifu. Lakini ukiihamia umetoka chumba kimoja ukaingia kingine chenye mlango ule ule mmoja. Karani wako mwenye kompyuta ya Windows hataweza kufungua faili zako za OmniGraffle, na wewe ukirudi Windows baada ya miaka mitano utaanza upya.

Ya tatu ni draw.io, ambayo ni ya bure. Inafanya kazi ndani ya kivinjari na pia inawekwa ndani ya mashine, iwe Windows, Mac au Linux, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Inasoma faili za Visio za aina mpya, zile zinazoishia na vsdx, na inatoa PDF. Kwa ofisi ya mawakili wawili watatu kando ya ziwa, mti wa ukoo na ratiba ya matukio havihitaji zaidi ya hiyo.

Ya nne ni LibreOffice, nayo ya bure na ya mifumo yote mitatu. Ndani yake mna sehemu ya kuchorea iitwayo Draw, inayofungua hata faili kongwe za Visio zinazoishia na vsd. Haiandiki faili za Visio, inazisoma tu. LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice, ile ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa KiLinux kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hivyo si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa.

Wapo watakaosema: nitanunua Mac, kisha niweke Windows ndani yake. Zamani ilikuwa rahisi. Tangu Novemba 2020 Apple ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe, njia ya zamani ya Boot Camp haifanyi kazi kwenye mashine hizo mpya. Inabidi utumie programu kama Parallels, ambayo ni ya kulipia, na Windows inayoingia ni ile iliyotengenezwa kwa chipu za namna hiyo. Inawezekana, ila unalipa gharama mbili na unaendelea kutunza mifumo miwili. Kwa programu moja ya michoro hesabu hiyo haikai sawa.

Programu ya kuendesha ofisi

Michoro ni sehemu ndogo. Ofisi ya wakili ina programu, au daftari, ya kuweka tarehe za kesi, majina ya wateja, saa za kazi, ankara na fedha. Hapa ndipo kuhama kunapouma.

Zipo programu zinazowekwa kwenye seva ya ofisi, na nyingi za namna hiyo ziliandikwa kwa Windows peke yake. Zipo zinazofunguliwa kwa kivinjari, kama Clio ya Kanada iliyoanza mwaka 2008, na hizo hazijali una Mac au Linux. Anayehama mashine atavutwa na hizi za pili, na kwa haki. Lakini kabla ya kulipa inafaa aulize mambo haya.

La kwanza ni fedha za mteja. Kanuni za hesabu za mawakili wa Kenya zinataka fedha za mteja zikae katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za ofisi. Programu zilizotengenezwa Marekani au Kanada zimepangwa kwa kanuni za kule. Je, inaweza kumwonyesha kila mteja salio lake peke yake? Inaweza kusoma taarifa ya M-Pesa ya ofisi, au karani ataandika kila muamala kwa mkono?

La pili ni kodi. Ankara za ofisi zinapita katika eTIMS ya KRA. Kama programu mpya haiunganiki nayo, kila ankara itaandikwa mara mbili, na palipo na kuandika mara mbili pana kukosea.

La tatu ni bei. Nyingi hulipiwa kila mwezi kwa kila mtumiaji, tena kwa dola. Shilingi ikiteleza bei inapanda bila programu kubadilika. Na siku ukikosa kulipa, je, unaweza kuingia kuchukua majalada yako au mlango unafungwa?

La nne, ambalo wengi hawaliulizi, ni njia ya kutokea. Mwombe muuzaji akuonyeshe, mbele ya macho yako, jinsi ya kutoa majina yote, tarehe zote na hesabu zote katika faili inayofunguka kwa programu nyingine. Kama anazungukazunguka, umeshapata jibu. Jalada ni amana. Ofisi inalishika kwa niaba ya mteja, na siku mteja akitaka kuhamia kwa wakili mwingine ni lazima liweze kumfuata.

Maji, umeme na nyaya za baharini

Watu wa kando ya ziwa wana sababu ya kutoamini karatasi peke yake. Port Victoria iko Budalang'i, Kaunti ya Busia, mahali ambapo Mto Nzoia umevunja kingo na kuwahamisha watu mara nyingi. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda kupita kiasi kilichowahi kurekodiwa, nyumba na majengo ya ufuoni yakaingia maji. Jalada la karatasi likishalowa siku tatu, huenda lisisomeke tena. Kwa hiyo kuweka nakala nje ya ofisi ni busara.

Lakini wana sababu pia ya kutoegemea intaneti peke yake. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na kwa majirani. Nyaya hizo zinatia nanga kwetu Mombasa, na Kisumu hupata intaneti yake kwa njia ya nchi kavu kutoka Pwani. Wakili ambaye kila kitu chake kiko Kanada au Ireland, na siku hiyo ana kesi saa tatu asubuhi, atasimama mbele ya hakimu mikono mitupu.

Basi inayofaa ni programu inayoweka kazi mtandaoni na wakati huo huo inaacha nakala ndani ya mashine. Kama haiwezi, karani apewe kazi ya kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, ya kutoa PDF za majalada ya wiki inayofuata na kuzitia katika diski ya nje yenye neno la siri.

Hapo iko sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina masharti ya kutoa taarifa za watu nje ya nchi, na taarifa zikivuja kwa namna ya kuhatarisha watu, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Wakili anayechagua programu ya mtandaoni aulize seva ziko wapi, na aliandike jibu hilo.

Mahakama inataka nini

Habari njema ni kwamba mahakama haijali unatumia kompyuta gani. Uwasilishaji wa kesi kwa mtandao ulianza katika mahakama za Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akazindua kuenezwa kwake nchi nzima. Mfumo unafunguliwa kwa kivinjari, na kinachopandishwa ni PDF. Mac, Windows, Linux, zote zinafika mlango mmoja.

Hili linatupa kanuni ya kuchagua: mchoro wowote utakaoingia mahakamani uwe na PDF yake iliyotengenezwa siku ulipokamilika, katika mashine ile ile ulikochorwa, na ikaguliwe na mtu aliyezijua nasaba zile. PDF haisogezi visanduku. Faili ya kuchorea ni ya kufanyia marekebisho, lakini ushahidi wa ulichokichora ni ile PDF.

Pana tahadhari moja kuhusu mashine ya zamani. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati iliyotoka kwenye kompyuta iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotengenezwa na kifaa kilichotumika, kikiwa na saini ya mwenye dhamana. Ujumbe wa WhatsApp uliochapishwa kwa mashine ya mwaka 2019 bado unaweza kuulizwa leo. Kwa hiyo usiharakishe kuiuza kompyuta kuukuu kwa fundi kabla kesi hizo hazijakwisha. Na ikifika siku ya kuiuza, diski ifutwe barabara au itolewe kabisa. Kufuta faili tu hakutoshi, kwani fundi mwenye programu ya kurudisha faili anaweza kuzisoma.

Njia ya kuhama bila kupoteza

Ofisi isihame kwa siku moja. Ianze kwa kuorodhesha faili zake kwa aina, michoro mingapi, barua ngapi, hesabu gani. Kisha ichague majalada matatu magumu kuliko yote: mti wa ukoo wenye vifo viwili au vitatu, akaunti ya mteja yenye miamala mingi, na mkataba wa zamani uliojaa majedwali. Yahamishwe hayo kwanza, yafunguliwe katika mashine mpya, yakaguliwe jina kwa jina na shilingi kwa shilingi. Yakikubali hayo, mengine mengi yatakubali.

Baadaye programu mbili ziende sambamba mwezi mzima, na mwisho wa mwezi masalio yalinganishwe. Salio la mteja mmoja likitofautiana hata kwa shilingi kumi, msisonge mbele mpaka ijulikane zimekwenda wapi. Ni kazi ya kuchosha, na karani atalalamika. Avumiliwe na alipwe saa zake za ziada.

Kama nikiulizwa ushauri wa jumla kwa ofisi ndogo, ningesema hivi: michoro ihamie katika programu inayokaa kwenye mifumo yote, kama draw.io au LibreOffice. Visio na OmniGraffle ziachiwe wale ambao kazi yao inazihitaji kweli, na ambao kila mtu ofisini anazo. Programu ya kuendesha ofisi iwe ya kivinjari, yenye nakala ya ndani na njia ya kutokea iliyojaribiwa. Hapo ndipo suala la Mac au Windows linabaki kuwa la bei, fundi aliye karibu na mazoea ya mikono.

Nawe uliye mteja huna haja ya kujua TPM ni kitu gani. Mwendee wakili wako, au umpigie kama yuko Kisumu na wewe uko Likoni, umwombe vitu viwili kwa PDF: mchoro wa warithi kama ulivyo katika jalada lako leo, na taarifa ya fedha zako anazozishika. Ukae na wazee wa familia mhesabu majina, wakubwa kwa wadogo, walio hai na waliotangulia. Mkikuta mtoto ameachwa, mwambieni kabla ya siku ya kesi.

Wabillahi tawfiq.